Naomba ushauri: kamera za ndani za Wi-Fi, moja inajizima usiku, na hifadhi haitoshi

Habari wakuu. Nina kamera nne za ndani za 1080p, mbili upande wa nyumbani, mbili kwenye chumba cha ofisi, zote kwenye ruta moja ya 2.4 GHz.

Mchana ziko sawa. Giza likiingia, ile ya korido inazima na kuwaka yenyewe. Nashuku umeme kuliko mtandao: adapta ni ya volti 5, ampea 1, lakini waya wa USB ni mwembamba tena wa mita 5. Taa za infraredi (za kuonea gizani) zikiwaka kamera inavuta umeme zaidi, volti zinashuka njiani, inajizima. Nibadilishe waya uwe mnene, au nivute soketi karibu na kamera? Mimi naegemea soketi.

Kubwa zaidi ni hifadhi. Kila kamera inarekodi mfululizo kwa 2 Mbps, karibu GB 21.6 kwa siku, kwa hiyo kadi ya GB 64 haimalizi siku tatu kabla ya kuanza kufuta za nyuma. Na mwizi akibeba kamera, kabeba na ushahidi. Kupandisha zote mtandaoni haiwezekani: zinahitaji 8 Mbps, kasi ya kupakia ni 5 tu.

Nafikiria NVR (kifaa cha kurekodi video za kamera kupitia mtandao) yenye diski ya TB 2, inayotosha siku 23 hivi. Ila kamera zinatoa RTSP (njia ya kurusha video kwenye mtandao), ONVIF (kiwango cha kuunganisha kamera na NVR za kampuni tofauti) haimo kwenye mipangilio. Waliofunga mfumo wa namna hii: NVR itazipokea kwa RTSP pekee? Na kurekodi kwa kugundua mwendo kutafanya kazi, au nitabaki na kurekodi mfululizo?