Changu, kibua, jodari au dagaa: nani ana lishe zaidi kwa bei ya soko la Tanga?

Mlezi wa Chumbageni
Wanajamvi, salaam. Nimepewa kazi ya kupanga chakula cha mchana cha watoto 40 katika kituo kimoja hapa Tanga, na fedha ya kitoweo ni ndogo. Nimewalinganisha samaki wanaopatikana soko la samaki la Deep Sea kwa majedwali ya viinilishe: gramu 100 za nyama mbichi ya changu zina protini ipatayo gramu 20, kibua yumo humo humo, jodari hufika 23 au 24, ilhali dagaa wakavu wanakaribia 60. Je, ni halali kusema kwamba dagaa wanamshinda changu mara tatu, kisha niwaache hao wengine wote?

Mtu wa Maabara
Si halali, ndugu, kwa kuwa umemlinganisha samaki mwenye maji na samaki aliyekaushwa. Gramu 100 za dagaa wabichi huwa na maji yapatayo gramu 76 na protini kama 18. Ukiwakausha mpaka maji yawe asilimia 10, mzani utasoma gramu 27 hivi, na protini iliyomo ni ile ile 18; ukiipandisha hesabu hiyo hadi gramu 100 za dagaa wakavu, unapata 67. Chumvi na mchanga ndivyo vinavyoirudisha chini. Kwa hiyo dagaa hakuzidisha protini, amepunguza maji tu. Linganisha kwa kile kinachoingia kwenye sahani ya mtoto.

Mpishi wa Ngamiani
Naongezea la jikoni, kwani majedwali hayo huhesabu nyama peke yake. Juzi nilinunua changu wa kilo moja. Baada ya kutoa magamba, matumbo, kichwa na miba, nilibaki na gramu 480. (Kichwa sikukitupa, nilikipikia supu, lakini supu ya kichwa huwezi kuwagawia watoto 40.) Ukimpa kila mtoto gramu 20 za dagaa wakavu, anapata protini kama gramu 12, nawe umetumia gramu 800 tu. Ili upate kiasi hicho hicho kwa changu, kila mtoto anahitaji gramu 60 za nyama, yaani kilo 2.4 kwa wote, ambazo zitatoka kwenye kilo 5 za changu mzima. Gawanya bei kwa hesabu hiyo, ndipo utakapoona tofauti. Tena dagaa huliwa na mifupa yake, na kalsiamu nyingi imo humo. Miba ya changu tunaitupa.

Mchuuzi wa Sahare
Mimi ni muuzaji, lakini nitasema kweli hata kama inaniharibia biashara. Kibua ana mafuta kuliko changu, na ndiyo maana wataalamu humsifu kwa omega-3 (aina ya mafuta yenye manufaa mwilini), ila mafuta hayo hubadilika kwa msimu, hivyo tarakimu moja ya jedwali haimtoshi. Yeye na jodari wakikaa juani bila barafu hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru ambayo haiondoki kwa kupikwa; mtu akila huwashwa mdomo na kuvimba uso, kisha analaumiwa mpishi. Usinunue kibua wa mchana ambaye hujui alilala wapi.

Mtu wa Maabara
Naunga mkono. Kuhusu jodari kuna jambo la pili: ni samaki mlaji wa samaki wenzake, na zebaki, madini yenye sumu, hujikusanya kadiri mnyororo wa chakula unavyopanda. Kiwango cha juu cha zebaki ya methili (aina ya zebaki inayokaa kwenye samaki) kilichowekwa kimataifa kwa jodari ni miligramu 1.2 kwa kilo, na kwa papa ni 1.6. Mara mojamoja si tatizo, lakini kwa watoto wadogo nisingemfanya kitoweo cha kila siku. Dagaa na kibua hawana mashaka makubwa upande huo.

Mlezi wa Chumbageni
Ahsanteni. Nitaweka dagaa siku tatu na kibua wa alfajiri siku moja, na changu nitamwacha mpaka bei ishuke. Swali limebaki moja: dagaa hawa wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Je, kuwaroweka kunaondoa chumvi kiasi cha kutosha?

Mpishi wa Ngamiani
Waroweke kwenye maji vuguvugu kwa nusu saa, umwage, usuuze mara mbili. Mchanga nao utatuama chini. Kisha usitie chumvi nyingine kwenye chungu mpaka uwe umeonja.