Hita ya Mark II GX110 inapuliza baridi na kioo kinajaa ukungu, naombeni ushauri wakuu

Mtoto wa Baridi

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo kabla sijamwaga hela zaidi. Nina Toyota Mark II Grande GX110 ya 2002, injini 1G, namba C, niliinunua Dar na sa hivi naitumia Njombe. Wanaoijua Njombe mwezi wa 6 na wa 7 wananielewa, saa 12 asubuhi unatoka nyumbani vidole vimekufa ganzi na kioo cha mbele kina maji ndani na nje. Sasa gari ina ile AC ya oto, unachagua nyuzi kwenye skrini halafu inajipanga yenyewe, ila nikipandisha nyuzi mpaka mwisho blowa inapuliza kwa nguvu kabisa lakini hewa ni ya baridi. Nikitembea 80 huko inakuja vuguvugu, nikisimama kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) inarudi baridi tena. Geji ya joto inakaa chini ya katikati na nikishuka mlima inazidi kushuka. Halafu kuna kitu kinagonga tik tik tik ndani ya dashibodi kila nikiwasha.

Fundi mmoja kasema gesi imeisha, mwingine kasema nibadili kompyuta ya AC. Asubuhi napeleka watoto shule na wikiendi napanda Makete, ile barabara ina ukungu mzito, huwezi kuendesha huku unafuta kioo na kitambaa. Nianzie wapi?

Nyundo na Spana

Mkuu gesi achana nayo kabisa, gesi kazi yake kupoza. Joto la hita linatoka kwenye maji ya injini, yanapita kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, blowa inapuliza hewa hapo inakuja kwako ikiwa ya moto. Kwaiyo kabla ya kununua chochote fanya hivi, haina gharama: washa gari lipashe kama dakika 20, hita weka mwisho, fungua boneti, nyuma ya injini kwenye ukuta utaona mipira miwili inaingia ndani ya gari. Iguse yote miwili kwa tahadhari.

Yote ikiwa ya moto, maji yanafika, shida ni mlango wa hewa ndani (dampa). Mmoja moto mwingine baridi, rejeta ya hita imeziba au ina hewa. Yote vuguvugu, angalia themostati (kilango kinachopitisha maji injini ikishapata joto) na kiwango cha maji. Na ukikuta mipira imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe bila kuingia ndani, jua kuna fundi aliona inavuja akairuka, gari nyingi zilizotumika Dar ziko hivyo maana kule hita hakuna anayeiulizia.

Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa ya moto tafadhali.

Kijana wa Mbezi

Mimi nahisi themostati ilishatolewa hiyo. Ila sio shida sana bro, huku Dar wengi tumeitoa na gari hazichemshi, yangu inadunda tu mwaka wa ngapi sijui

Fundi Umeme Mbeya

@Kijana wa Mbezi hapana mdogo wangu, hilo naomba tusishauriane. Themostati inafunga maji yasiende rejeta kubwa mpaka injini ifike joto lake, Toyota nyingi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa maji yanazunguka muda wote, injini inafanya kazi ikiwa baridi, kompyuta inadhani gari ndo kwanza limewashwa inazidisha mafuta, plagi zinashika masizi, oili inachakaa. Dar husikii sana kwa sababu hewa yenyewe ina joto. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, asubuhi ya mwezi wa 7 hiyo injini haipashi kabisa, na geji yake inayoshuka kwenye mteremko ndo dalili yenyewe. Kama gari inachemsha tafuta kinachoichemsha, feni, rejeta, wota pampu, kifuniko, usimalize kwa kutoa kifaa.

Mtoa mada, hiyo tik tik ni jambo lingine. Dampa ya kuchanganya hewa inasukumwa na mota ndogo yenye meno ya plastiki, meno yakiisha inaruka, ndo huo mlio. Hiyo AC ina uwezo wa kujipima: bonyeza AUTO na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kwa pamoja, ukiwa umevishikilia washa swichi mpaka ON. Taa zitawaka na kuzima mara kadhaa halafu inakuja namba. 00 ni salama. 11 sensa ya joto la ndani, 12 sensa ya nje, 13 ya evapereta (kile kinachopoza hewa ya AC), 14 ya joto la maji, 21 ya jua, 31 na 41 ni habari za hiyo dampa. Ukimaliza bonyeza OFF. Pima mchana nje, ukipimia gizani 21 itakuja hata kama sensa ni nzima.

Mama Mafinga

Kaka pole, huku Mafinga tunayajua hayo. Wakati unatafuta fundi, kuhusu ukungu: weka hewa iingie kutoka nje, usifungie ya ndani, kwa sababu pumzi za watoto ndo zinaloanisha kioo. Elekeza upepo juu kwenye kioo na WASHA AC pamoja na hita, watu wanaogopa kuwasha AC kwenye baridi ila ndo inayokausha hewa. Pia pitisha mkono chini ya kapeti upande wa abiria. Ukikuta pamelowa, na ndani kuna harufu tamu tamu na kioo kina utando wa mafuta, rejeta ya hita inavujia ndani. Hapo usiendelee kuwavutisha watoto huo mvuke.

Mtoto wa Baridi

Nimerudi na majibu, asanteni sana. Kapeti kavu. Mpira mmoja moto hushiki, mwenzake wa baridi kabisa. Tumefungua nyumba ya themostati ni tupu, hamna kitu. Tukachomoa mipira ya hita tukaingiza maji kwa upande wa kutokea, mwanzo hayakupita, baadae yakatoka mazito rangi ya chai ya maziwa, na vipande vya kutu kama punje za mchele mle ndani. Tumeendelea mpaka yakawa meupe. Kodi (ile namba ya kujipima AC) imekuja 31, na 21 ila tulikuwa ndani ya gereji.

Themostati naletewa kesho. Kuna mtu anasema nijaze maji ya bomba tu, kulanti (ile dawa ya rejeta inayozuia kutu) ni ghali.

Nyundo na Spana

Hiyo kutu imeletwa na maji ya bomba, weka kulanti nusu na maji yaliyoondolewa madini (distilled) nusu. Na kwa huko juu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwaiyo hata kifuniko cha rejeta kibadili kama mpira wake umekakamaa. Themostati ikifungwa, kile kipini kinachochezacheza kiwe juu ili hewa itoke. Injini ikiwa ya baridi paki pua ikitazama mlimani, kifuniko wazi, hita mwisho, washa, ongeza taratibu mpaka povu liishe. Na maji ya kusafishia msiyape presha kubwa, ile rejeta ni nyembamba inapasuka.

Mtoto wa Baridi

Imefungwa leo. Geji iko katikati haitikisiki, sailensa hita inachoma mpaka nimeshusha nyuzi. Tik tik bado ipo na nikiweka 18 haipoi vizuri.

Fundi Umeme Mbeya

Safi sana. Iliyobaki ni hiyo mota. Usikubali kununua boksi zima la hita, mota inauzwa peke yake hata ya mtumba. Ichomoe kwanza, nenda dukani na ya kwako mkononi, linganisha namba ya stika na idadi ya pini za soketi, halafu kabla ya kufunga zungusha dampa kwa kidole, ikikwama kuna kitu kimedondokea ndani na mota mpya itakatika meno vile vile. Ukishafunga pima tena kodi, mchana.