Msumeno wa mnyororo wa zamani: je, unafaa kufufuliwa?

Swali: Nimenunua msumeno wa petroli uliokaa stoo miaka kadhaa, unawaka sekunde chache, kisha unazima. Je, unastahili kutengenezwa?

Jibu: Kabla ya kugusa kabureta (sehemu inayochanganya petroli na hewa), fungua egzosi uchungulie pistoni kupitia tundu la moshi, kwani ikiwa na mikwaruzo ya wima, gharama ya matengenezo mara nyingi huzidi thamani ya msumeno wenyewe.

Muulizaji: Nimechungulia, pistoni ni laini, inang'aa.

Jibu: Basi una bahati. Mwaga petroli ya zamani, badilisha diaframu za kabureta (tando zake nyembamba zinazosukuma na kudhibiti petroli) pamoja na mpira wa mafuta (ukiukunja ukapasuka, umempata mkosaji), kisha changanya petroli mpya na oili ya injini za mipigo miwili kwa uwiano ulioandikwa kwenye kitabu cha maelekezo cha msumeno. Breki ya mnyororo isiposhika, usikate hata kijiti.