Naombeni msaada: shakwe hawa wanne ni wa aina gani, na wana umri gani?

kigamboni_kwetu
Wakuu, salamu. Napenda kupiga picha ndege, na wengi nawatambua, ila shakwe wananitoa jasho. Picha zote ni za Januari hii. Mbili za kwanza ni za Ferry, Dar es Salaam, pale soko la samaki. Mbili za mwisho ni za Mwanza, ufukweni.

Picha 1: kichwa cha kahawia iliyokolea mpaka kifuani, ukosi mweupe nyuma ya shingo, mdomo wa manjano wenye mkanda mweusi na ncha nyekundu.
Picha 2: kahawia iliyopauka, hana kofia, mdomo wa kijivu wenye ncha nyeusi. Alisimama bega kwa bega na yule wa kwanza.
Picha 3: umbo dogo, mweupe, mgongo wa kijivu, kahawia kidogo kwenye bawa, doa jeusi nyuma ya jicho.
Picha 4: umbo kubwa, michirizi ya kahawia mwili mzima, mdomo mweusi.

Ni aina nne hizi? Kitabu changu kimechora waliokomaa tu.

bwana_dagaa
Wa kwanza ni mwizi, wa pili ni mwanafunzi wake. Ukiwa na mashua Ferry wala huhitaji kitabu.

malindi_pwani
Aina tatu, ndugu yangu. Wa 1 na wa 2 ni aina moja, Ichthyaetus hemprichii, yule wa rangi ya masizi. Huku kwetu mdomoni mwa mto Sabaki msimu huu wamejaa tele.

Usianze na rangi. Shakwe akikua rangi hubadilika kila anapobadilisha manyoya, lakini umbo la mdomo halibadiliki sana. Tazama picha zako mbili: mdomo ni uleule, mrefu na mzito. Huyo wa 2 ni mchanga. Zile kingo nyeupe za manyoya ya mgongoni, zilizojipanga kama magamba ya samaki, ndizo zinazomtaja. Akigeuka utaona mkia una mkanda mpana mweusi. Mkubwa mkia wake ni mweupe mtupu.

Kuna ndugu yake wa Bahari ya Shamu, I. leucophthalmus, anayewachanganya watu. Yule mdomo ni mwembamba na mwekundu uliokolea, na jicho lina nusu-mwezi mweupe juu na chini. Huyo wako wa 1, mweupe uko juu tu.

kigamboni_kwetu
Asante sana. Sasa huyo wa 2 niandike ana mwaka mmoja?

malindi_pwani
Andika "mwaka wa pili wa kalenda". Kinda anahesabiwa wa mwaka wa kwanza tangu atoke kwenye yai hadi 31 Desemba. Tarehe 1 Januari anaingia wa pili, hata kama ana miezi mitano tu.

bwana_dagaa
Miezi mitano, mwaka wa pili. Hesabu za wapi hizo?

malindi_pwani
Za watu wasiomjua mama yake wala siku aliyozaliwa, bwana. Wewe una njia nyingine?

nyanza_ndege
Picha 3 mimi nasema Chroicocephalus cirrocephalus, shakwe kichwa-kijivu, maana ndiye wetu wa ziwani mwaka mzima. Jicho jeusi ni kwa sababu bado mdogo; jicho jeupe huja na ukubwa.

malindi_pwani
Hapo nakupinga kidogo. Huenda ukawa sahihi, ila kwa sababu hizo hapana. Kuna ndugu yake, C. ridibundus, huja kutoka Ulaya na Asia miezi hii, na mdogo wake naye ana doa nyuma ya jicho, jicho jeusi na kahawia bawani. Akiwa amekunja mabawa, wawili hawa wadogo wanafanana mno. Kigamboni, una picha yoyote ya huyo akiruka?

kigamboni_kwetu
Ninayo moja, imetikisika. Nimeiweka hapo chini. Bawa kwa chini ni la kijivu cheusi-cheusi, ncha ni nyeusi sehemu kubwa.

malindi_pwani
Basi nyanza_ndege ameshinda. Ridibundus angekuwa na kabari nyeupe ukingo wa mbele wa bawa, inaonekana hata kwenye picha mbovu. Cirrocephalus, mdogo. Hawa hukua haraka, baada ya miaka miwili hivi ni mkubwa kamili, tofauti na huyo wako wa 4 anayehitaji takriban minne.

nyanza_ndege
Na huyo wa 4 ni Larus fuscus, bado mchanga. Tunawapata sana hapa, wengine wanatoka Finland.

malindi_pwani
Kundi la fuscus, sawa. Jamii ndogo, yaani tawi ndani ya aina hiyo, nisingetaja. Fuscus wa Skandinavia na heuglini wa kaskazini mwa Urusi wote wanashuka Afrika Mashariki, na wakiwa wadogo, kwa picha moja ya ndege aliyesimama, mtu anayekuapia ni huyu au yule anakudanganya. Kwa wakubwa ni afadhali: fuscus mgongo karibu mweusi, heuglini kijivu kilichokolea. Ila hapo nako chunga mwanga. Jua la saa saba linaufanya mgongo mweusi uonekane kijivu, na ukiongeza mwanga kwenye simu ndiyo umeharibu kabisa. Weka picha kama ilivyotoka kwenye kamera.

nyanza_ndege
Dada, angalia na miguu. Wafini huwavisha makinda pete zenye herufi, ukiisoma unapewa mpaka mwaka aliozaliwa. Hapo umri haubishaniwi.

kigamboni_kwetu
Miguu yote miwili iko majini 😩

nyanza_ndege
Mwezi ujao ukirudi Mwanza nitafute humu. Asubuhi, mashua za dagaa zikirudi, wanasimama mawe makavu.