Nimekatwa titi na tezi za kwapa upande wa kulia: mizabibu naipogoaje msimu huu?

MamaMizabibu

Mbukwenyi wana jukwaa. Mimi ni mkulima wa Mpunguzi hapa Dodoma, nina kipande cha mizabibu ya aina ya Makutupora nyekundu, hata eka haijafika, na mtama kidogo upande wa korongoni. Mwaka jana nilikatwa titi la kulia kwa saratani, pamoja na tezi za kwapani, nikapigwa dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, kisha mionzi pale hospitali ya Ocean Road, Dar. Sasa nipo nyumbani, nameza kidonge cha homoni kila siku, nywele zimeota upya, na kliniki naenda kwa tarehe.

Kinachonisumbua ni kazi. Kila anayekuja kunijulia hali ananiambia pumzika. Nimepumzika hadi mkeka umenichoka. Mzabibu usipopogolewa kwa wakati haujali nani anaumwa, utajaza majani na vichala usivione. Lakini tangu kemo vidole vina ganzi. Juzi nilishika mkasi nijaribu mstari mmoja, nikashangaa waya una damu, kumbe ni yangu, sikusikia hata kuchomwa. Na nikishinda shambani, jioni mkono unakuwa mzito, bangili haivuki kiganja.

Halafu kuna shemeji yangu. Anataka nimkabidhi mizabibu "aitunze" mpaka nipone. Anaongea kwa upole mno, na huo upole ndio unaoninyima usingizi.

Mliopitia haya, kazi zipi mnafanya wenyewe na zipi mmeachia watu? Neno pumzika sitaki kulisikia.

NesiMstaafu

Pole na hongera, mama. Huo uzito wa jioni usiupuuze. Tezi za kwapa zikitolewa, maji ya mwili yanakosa njia nzuri ya kurudi, ndiyo maana mkono unavimba. Wengine huanza kuvimba miaka kadhaa baada ya upasuaji. Nenda ukawaonyeshe kliniki, wakupime mkono na kukufundisha mazoezi. Ipo pia soksi ya mkono ya kubana, ila hupimwa kwa mhusika mwenyewe. Usije ukanunua ya mtumba.

Zamani tulikuwa tunawaambia wagonjwa wasibebe chochote kwa mkono huo maisha yao yote. Siku hizi mkono unazoeshwa polepole. Pogoa kidogo leo, uangalie umeamkaje kesho, ndipo uongeze. Kinachonitisha mimi ni hilo jeraha la mkasi. Mkono wa namna hiyo hushambuliwa na vijidudu kwa urahisi. Ukiona wekundu, joto, au homa imepanda, hospitali siku hiyohiyo, usingoje kupambazuke. Vaa glavu za ngozi mikono yote miwili, na kwa kuwa husikii, kila ukimaliza mstari vua uangalie vidole kwa macho.

Jua nalo: ngozi iliyopigwa mionzi ifunike kwa khanga, kazi uifanye asubuhi, saa nne ikukute kivulini.

BabuWaKongwa

Dada yangu, mimi nilitolewa uvimbe wa utumbo mkubwa, natembea na mfuko wa choo ubavuni. Jembe la mkono nimeliaga, maana ukikaza tumbo sana utumbo unaweza kusukumwa nje pembeni ya kile kitundu. Mwaka huu mtama naberega tu, yaani napanda bila kulima, bwana shamba akinuna shauri yake. Palizi nawapa vibarua kwa ngwe, mimi natembea nyuma yao na fimbo kukagua. Nilichobaki nacho mwenyewe ni kuku na karanga, nakaa kwenye kigoda nabangua. Karanga zenye ukungu natupa, sizionei huruma. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu huo, iliua watu huku kwetu Dodoma na Manyara, na ni sumu hiyohiyo inayoleta kansa ya ini. Mimi moja imenitosha.

Sasa huyo shemeji. USIKABIDHI. Ukishamwachia mtu mizabibu misimu miwili, kuirudisha ni kesi. Kama ana nia njema, mwambie mwandikishane kwa mtendaji wa kijiji: yeye atoe nguvukazi, mavuno mgawane, mwisho wa msimu mkataba umekwisha. Akikataa karatasi, umeshajua alichokuwa anakitaka.

Mkwavi_Jr

Mama achana na hivyo vidonge, chemsha majani ya mstafeli, kutwa mara tatu. Shangazi yangu alipona kabisa.

NesiMstaafu

Kijana, mstafeli haujathibitika kutibu saratani kwa binadamu. Mama, kidonge cha homoni hunywewa miaka mitano, wengine hadi kumi, hata ukijiona mzima. Usikikatishe bila daktari wako. Na kabla ya kuongeza dawa yoyote ya majani, mwambie yeye kwanza.

MamaMizabibu

Asanteni sana. Mstafeli ninao uani, nitaendelea kula matunda yake tu.

Nimeongea na kijana wa jirani, atanipulizia mizabibu dawa ya salfa, siku hiyo mimi sikanyagi shambani. Kupogoa nitaanza mwenyewe na mashina ya karibu na nyumba, yeye atafuata nikimwonyesha jicho la kukatia. Shemeji nimemtajia mtendaji. Amesema atafikiria, na tangu hapo hajapita kwangu, hata chumvi haji kuomba.

Babu, swali la mwisho: mkasi wangu ni mgumu, unataka nguvu za mwanaume. Mwepesi napata wapi hapa mjini?

BabuWaKongwa

Zunguka maduka ya pembejeo pale Majengo, utafute wenye springi laini. Nenda na kijiti cha mzabibu kwenye mkoba, ukate palepale dukani kabla hujatoa hela. Muuza duka akikushangaa mwache ashangae.