Binti akiomba zamu ya kuosha vyombo amekosa adabu?

Mpangaji_Tabata
Habari za jioni wadau. Mi nina miaka 23, nakaa kwa bro wangu mkubwa hapa Tabata huku natafuta kazi. Ana watoto wawili, dogo wa kiume yuko form one na binti yuko darasa la sita. Sasa binti akitoka tuisheni jioni anaosha vyombo, anamenya vitunguu, anafua sare zake na za kaka yake, na huyo kaka mtu kajilaza kwenye kochi anacheza gemu kwenye simu mpaka msosi unaiva. Juzi binti kauliza tu kwa upole, "baba kwa nini vyombo visiwe na zamu?" Akala kandambili ya mgongo, bro anasema hizi haki za watoto wanazofundishwa shule ndo zinawaharibu. Mi kimya, nakula kwake. Vijana wenzangu mnaonaje?

Chuma_cha_Kale
Malezi hayo. Sisi tulichapwa fimbo ya mpera, tena unatumwa ukaichume mwenyewe, na leo ni watu. Mtoto ukimpa haki anakupanda kichwani.

wakili_wa_mtaa
Mkuu Chuma taratibu. Sheria ya Mtoto ya 2009 haijamkataza mzazi kumrudi mtoto, ila kifungu cha 13 kinataka adhabu iendane na umri na hali yake ya mwili na akili. Na cha 11 kinampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwa mambo yanayomhusu, sasa kama vyombo anavyoosha yeye havimhusu sijui kinamhusu nini. Kazi za nyumbani hazijakatazwa, sheria hiyohiyo kifungu cha 15 inamtaka mtoto aheshimu wazazi na kusaidia familia. Lakini haijasema mtoto wa kike peke yake, na cha 5 kinakataza ubaguzi wa jinsia.

Nuru_wa_Kibaha
Mi ndo nilikuwa huyo binti. Wanaume mkisikia haki za mtoto mnawaza fimbo tu, fimbo mbona inapoa. Kinachouma ni kuanza kusoma saa nne usiku mikono inanuka masizi, form four hiyo, mwenzako kashalala, na kwenye kuku yeye paja we kipapatio kila siku. Kaka yangu mpaka leo hajui kukaanga yai, mkewe ndo anatusimanga sisi eti tulimlea vipi.

Chuma_cha_Kale
Hahaha hapo kwa zamu nakubali, dogo aoshe. Ila kumhoji baba sebuleni bado sikubali, angemwambia mama kwanza.

Nuru_wa_Kibaha
Mama si ndo anayempangia hizo kazi?

Mudi_Fundi
Mleta mada, na wewe sahani yako nani anaosha?

Mpangaji_Tabata
Naosha mwenyewe mkuu na nguo nafua mwenyewe. Kuna jamaa kaniambia inbox nipige 116, naijua ni ya watoto ila kwa hili naona nianze nyumbani kwanza. Bimkubwa anakuja mwezi ujao kutoka Singida, bro kwake hafurukuti, nitamweleza yeye. Kwa sasa nimeanza kumuita dogo tuoshe wote vyombo vya usiku, jana kaja kanuna kavunja na glasi, shemeji kacheka tu.