Spika za IST: komponenti mlangoni au sita kwa tisa nyuma?

mwana_ngamiani
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Gari ni Toyota IST, redio ya Android imeandikwa 4x50W, spika bado za kiwandani. Nikiongeza sauti mlango unatetema, besi haina uzito, na mwimbaji wa taarab namsikia kwenye goti langu la kulia. Bajeti laki tatu, amplifaya bado. Fundi mmoja kanishauri sita kwa tisa (zile spika za yai za inchi 6x9) kwenye kibao cha buti, mwingine anasema komponenti mbele, yaani spika ya mlangoni na twita, kispika kidogo cha sauti nyembamba, kila kimoja peke yake. Nimsikilize nani, na twita zikae wapi?

fundi_waya
Mkuu, sita kwa tisa achana nazo. Kile kibao ni chepesi, kitacheza pamoja na spika. Sauti ya nyuma ya koni itazunguka ikutane na ya mbele ziuane, na inayokufa kwanza ni besi. Hela yote iende mbele.

Chukua komponenti za inchi 6.5, omu 4. Wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi zisikubabaishe. Redio kama hiyo inatoa wati 15 hadi 20 za RMS, yaani wati halisi za mfululizo, kwa kila spika, basi. Angalia unyeti, yaani sauti inayotoka kwa wati moja, uwe dB 90 kwenda juu, maana spika ya dB 87 inataka wati maradufu ili ifikie sauti ileile. Kwa hewa yetu ya pwani, koni iwe ya plastiki na ukingo wake wa mpira. Karatasi hunyonya unyevu, na sponji huoza.

Lakini usimalize laki tatu zote kwenye spika, bakisha ya mlango. Mlango ndio boksi la spika, na wako una matundu makubwa nyuma ya kava. Shusha kioo mpaka mwisho, pima kutoka bati la kufungia hadi kwenye kioo. Ukipata mm 55 na spika ina kina cha mm 62, weka ringi ya mm 12 au 15. Ringi iwe ya plastiki nene au plaiwudi ya marini iliyopigwa vanishi. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) ikipata maji ya mvua inavimba na skrubu zinalegea. Spika za kiwandani za Toyota nyingi zimepigwa riveti, kwa hiyo utatoboa. Spika mpya ikae mbali wakati huo, na futa chenga zote za chuma. Zikinaswa na sumaku zikaingia kwenye koili, mkwaruzo wake hautoki tena.

Kisha safisha bati kwa spiriti, bandika shiti za butili (mpira mzito wa kunata unaozuia mtetemo) kwenye bati la nje nyuma ya spika, ukandamize kwa rola. Nusu ya bati inatosha. Matundu makubwa ya bati la ndani yazibe kwa kipande cha alumini, juu yake butili. Vijitundu vya chini kabisa ya mlango USIZIBE. Maji yanayopita kwenye kioo yanatokea hapo. Ukiziba, mlango utaoza kwa kutu.

mwana_ngamiani
Shukrani sana mkuu. Lami ya kubandika kwenye mabati haifai? Bei yake ni rahisi.

fundi_waya
Haifai. Gari likishinda juani inalainika, inateremka na kunuka ndani. Afadhali butili kidogo pale nyuma ya spika tu.

pongwe_sauti
Niongezee kwenye twita. Mwimbaji yuko gotini kwa sababu sauti nyembamba husafiri kwa kunyooka, na miguu inaizuia. Twita zipande kwenye pembetatu ya kioo cha pembeni: ziko juu, na bado hazijaachana mno na spika za mlangoni. Ukizilaza kwenye dashibodi zikitazama juu, kioo cha mbele kinarudisha sauti na fidla inachoma masikio. Kama nguzo ya kando ya kioo cha mbele imeandikwa SRS AIRBAG, yaani ina mfuko wa hewa ndani, hapo usitoboe kabisa.

Anza kwa kuzishika na gundi ya pande mbili. Ya kulia isikutazame sikioni, ielekeze katikati ya gari. Ikiendelea kuwa kali, shusha krosova (kisanduku kinachogawa sauti nene na nyembamba) ya twita hadi -3 dB. Na twita isiunganishwe bila krosova au kapasita, itaungua.

Kama redio ina menyu ya kuchelewesha sauti, itumie. Chukulia spika ya kulia iko sm 95 kutoka kichwani na ya kushoto sm 145: tofauti ni sm 50. Sauti hwenda kama sm 34 kwa milisekunde, kwa hiyo chelewesha ya kulia kwa ms 1.5. Mwimbaji atahama gotini aje mbele yako.

mzee_wa_dumbaki
Mdogo wangu, kabla ya kurudisha kava, gusisha betri ndogo ya 1.5V kwenye waya za kila spika, chanya kwa chanya. Koni zote mbili zitoke nje. Moja ikiingia ndani, umegeuza waya: moja inasukuma hewa, nyingine inavuta, na ngoma ya dumbaki huisikii tena. Halafu kwenye redio kata sauti za chini ya Hz 80 kwa spika za mlango, wati hizo chache zisiishie kwenye besi ambayo inchi 6.5 haiiwezi. Besi hiyo utaipata baadaye kwa sabufa ya chini ya kiti yenye amplifaya yake, waya ukitoka moja kwa moja kwenye betri na fyuzi isizidi sm 45 kutoka hapo. Viungo vyote vya mlangoni lehemu na uvike mpira wa kubana kwa moto; kwa chumvi ya hapa, waya uliosokotwa tu hushika kutu ya kijani na spika huanza kukatakata.